Simba kwenye rundo la mia tano

Mama mdogo ana duka Ngamiani, Tanga. Ni duka la mtaani kama mengine: unga, sukari ya kupima, sabuni za vipande, vocha, viberiti. Kila siku baada ya Isha hurudisha mlango nusu, akamwaga droo juu ya meza na kupanga sarafu. Za mia tano huzipanga kumi kumi, rundo moja elfu tano, kisha hupitisha kiganja juu ya marundo yote kuona kama yanalingana. Jumanne moja rundo la tatu likawa fupi kwa unywele. Mwingine asingeligundua. Yeye alilibomoa, akapitisha sarafu mojamoja kwenye kidole gumba, na ya saba ikawa haina Karume wala nyati.

Alinipigia usiku uleule. Sikumaliza shikamoo, akaniambia, "Njoo kesho asubuhi, mwanangu. Nimepewa hela ya simba."

Nakisimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu wiki mbili zilizofuata zilikusanya karibu kila kosa ambalo watu hufanya wakikutana na sarafu ngeni kwenye chenji. Kosa la kwanza lilikuwa langu, mimi ninayejidai mjuzi wa mambo haya. Nilimjibu palepale kwenye simu: "Ya simba? Hizo zina fedha ndani." Fedha ya sonara, namaanisha, ile silva. Sikumuuliza mwaka. Mama mdogo akalala na neno hilo, na asubuhi nilipofika duka lilikuwa halijafunguliwa na mabinti zake wawili walikuwa wameshaipiga picha ile sarafu na kuiweka kwenye status.

Niliipokea nikaigeuza. Upande mmoja simba amesimama, nyuma yake milima, na maandishi EAST AFRICA, ONE SHILLING, 1952. Upande wa pili kichwa cha Mfalme George wa Sita na Kilatini kifupi: GEORGIVS SEXTVS REX. Hapo hapo nikajua nimemdanganya mama yangu mdogo.

Shilingi hizi zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919 kuhudumia Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye na Zanzibar iliyoingia mwaka 1936. Kabla yake huku kwetu watu walihesabu rupia. Mwaka 1920 ikajaribiwa florini, haikudumu, na tangu 1921 zikaanza kugongwa shilingi za simba. Za mwanzo, hadi zile zenye mwaka 1946, zilikuwa na robo ya fedha, yaani sehemu 250 katika 1,000. Kwa shilingi yenye uzito wa karibu gramu 7.8, hiyo ni chini kidogo ya gramu 2 za fedha safi. Kuanzia za mwaka 1948 fedha ikaondolewa kabisa, ikabaki shaba iliyochanganywa na nikeli. Asiyetaka kukariri miaka asome Kilatini. Sarafu za George za kabla ya hapo zinamtaja pia kuwa mfalme mkuu wa India. India ilipojitawala mwaka 1947 cheo hicho kikamtoka, na shilingi yetu ikapoteza fedha yake karibu wakati uleule. REX peke yake, bila India, maana yake hakuna cha kumpelekea sonara.

Nikamwambia. Akanitazama kwa muda, halafu akauliza swali ambalo kwa mwenye duka ndilo la maana zaidi: "Kwa hiyo ni bandia?"

Si bandia. Sarafu bandia hujifanya kitu kisicho. Hii inajitaja waziwazi kwamba ni shilingi moja, inataja nchi na mwaka, na mwaka 1952 ungeweza kununulia vitu vya maana. Tatizo ni kwamba sarafu haisomwi na mtu. Husomwa na mkono. Mkono wa muuza duka jioni, taa ikiwa hafifu na wateja watatu wamesimama, hukagua rangi, ukubwa na uzito, basi. Na hapa ndipo kisa kinaponoga. Sarafu yetu ya sasa ya 500, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ina kipenyo cha milimita 27.5 na rangi nyeupe ya nikeli. Shilingi ya simba ina milimita 27.8 na rangi ileile. Tofauti ya kipenyo ni ndogo kuliko unene wa ukucha. Iliyobaki ni uzito: 500 ina gramu 9.5, na ile ya Mama mdogo, imelika kidogo, ilisoma 7.7 kwenye mzani anaopimia iliki.

Hata hivyo anayeteleza mara nyingi zaidi pengine si simba. Tanzania ilipoanza kutoa sarafu zake mwaka 1966, baada ya Benki Kuu kufunguliwa Juni mwaka ule, shilingi moja mpya yenye uso wa Nyerere na mkono ulioshika mwenge ilifuata ukubwa wa shilingi ya mkoloni ili watu wasibabaike. Iliendelea kugongwa hivyo hadi miaka ya 1980. Kwa hiyo kwenye makabati ya nchi hii kuna sarafu za aina mbili, ya simba na ya mwenge, ambazo gizani zinaweza kupita kama mia tano. Mia tano ya noti ingezuia mkanganyiko huu, lakini noti ile ilichakaa upesi kwa kupita mikono mingi, ndiyo sababu Benki Kuu ikaleta sarafu.

Sasa, ilifikaje kwenye droo?

Mama mdogo alikuwa na uhakika ni mtoto wa jirani aliyekuja kununua viberiti. Mimi sikukubali. Mtoto alileta sarafu moja, na mtu akipewa sarafu moja huitazama, hata kwa nusu jicho. Nikamuuliza kama siku ile alichukua chenji kwa wingi. Ndiyo: jioni konda wa daladala alimletea mia tano ishirini, akampa noti ya elfu kumi. Hufanya hivyo karibu kila siku. Konda anataka noti azifungashe kwa tajiri, mwenye duka anataka sarafu za kurudishia wateja. Ishirini haziangaliwi moja moja. Huhesabiwa mbili mbili kwa kuzisukuma mezani, na simba mmoja kati ya nyati kumi na tisa anapita kama mwenyeji.

Aliyempa konda sitamjua kamwe, lakini nina maoni. Sidhani alikuwa tapeli. Angekuwa nazo nyingi na nia mbaya, Mama mdogo angepata mbili tatu kwenye rundo lile au wiki ile, na hakupata. Naona zaidi mtu aliyekuta kopo la marehemu babu, sarafu zimechanganyika, akatia mfukoni bila kuangalia. Nyumba za Tanga zina makopo hayo. Huu ni mji wa mkonge na reli. Mishahara ya mashamba ililipwa kwa shilingi hizi, na si zote zilizorudi benki zilipofutwa.

Tukafanya hesabu ya hasara. Konda alipewa elfu kumi, akaacha 9,500 na kitu kisicho hela. Hasara ya duka ni 500, nukta. Hapo ningependa kisa kiishe, lakini ile status ilikuwa imeshatembea.

Saa nne asubuhi simu ikaita. Mwanamume, sauti ya heshima, "Mama shikamoo", akajitambulisha kuwa wakala wa wanunuzi wa nje. Ameona picha. Anatafuta hizo za simba kwa udi na uvumba. Bei milioni kumi na mbili. Mama mdogo akakaa kwenye gunia la mchele. Yule bwana akauliza maswali mawili tu: je, sarafu ikiwekwa karibu na punje za mchele inazivuta, na je, ukiishika muda mrefu inapata joto? Mama mdogo, Mungu amsamehe, akachota mchele kutoka kwenye gunia alilokalia akajaribu. Punje mbili zikanasa kwenye jasho la kidole. "Zimevuta kidogo," akasema. Basi, ikabaki ada ya cheti cha maabara, laki moja na nusu, itumwe kwa simu leo kwa sababu wanunuzi wanaondoka kesho.

Nitasimama hapa kidogo, kwa kuwa fedha za kweli za kisa hiki zilikuwa zimesimama kwenye hiyo laki na nusu na si kwenye sarafu. Uzushi wa sarafu inayovuta mchele una umri mkubwa. India umezaa kesi nyingi za polisi, na watu wameuziwa vyombo vya shaba kwa fedha za kujengea nyumba kwa imani kwamba vina madini ya siri. Huku kwetu umekuta shamba lililolimwa tayari, yaani hadithi za mali za Mjerumani. Kama hadithi nyingi zinazodumu, hizo nazo zina punje ya ukweli. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na meli za Waingereza na hawapati sarafu kutoka kwao, waligonga wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora. Walitoa sarafu za heller 20 za shaba na shaba ya manjano kwa wingi, na sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi kidogo ya 16,000, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Hizo za tembo kweli ni ghali na wakusanyaji wanazigombea. Kutoka hapo, tembo akawa simba, dhahabu ikawa madini yasiyo na jina, na shilingi ya Mwingereza ya 1952 ikapewa urithi wa Mjerumani aliyeondoka miaka zaidi ya 30 kabla yake.

Niliichukua simu nikamuuliza yule wakala jambo moja: je, anaitaka yenye KN, yenye H, au isiyo na herufi? Kimya. Halafu akasema yoyote ile ilimradi ni ya simba, na mimi ni nani? Mkusanyaji wa kweli asingejibu hivyo. Shilingi za 1952 ziligongwa katika viwanda vitatu: H ni kiwanda cha Heaton na KN ni Kings Norton, vyote vya Birmingham, na isiyo na herufi ni ya kiwanda cha kifalme. Mkusanyaji huuliza mwaka, herufi na uchakavu: je, manyoya ya simba bado yanaonekana, kingo zimegongwagongwa, imesuguliwa na jivu? Hilo la mwisho ni muhimu, maana binti mmoja alikuwa ameshachukua steelwire na sabuni ili ing'ae. Nilimwahi. Sarafu iliyosuguliwa hushuka bei kuliko iliyofubaa, na hakuna dawa ya kurudisha ngozi yake.

Na bei yenyewe? 1952 ndio mwaka wa mwisho wa shilingi ya simba. Malkia Elizabeth alipopokea kiti, nyuso zake zilienda kwenye senti 50, na shilingi haikugongwa tena. "Ya mwisho" lina mvuto masikioni, lakini ziligongwa kwa mamilioni na zimejaa duniani. Zilitumika hadi Aden, ambako shilingi hii iliingia mwaka 1951. Iliyotumika kama ya Mama mdogo huuzwa ng'ambo kwa dola moja, pengine mbili. Kwa hiyo, na hili lilimchekesha, ile "hasara" yake ilikuwa na thamani mara kadhaa ya mia tano, ila nauli ya kuifikisha kwa mnunuzi ingeila yote na kudai nyongeza.

Habari ilipofika msikitini, mzee mmoja wa barabara ya jirani alikuja na kopo lake la maziwa ya unga. Kisa kikapata kipande kilichonifurahisha kuliko vyote. Alimwaga mezani senti za tundu, zile zenye pembe za ndovu zikizunguka tundu la katikati, na hela mbili tatu za Mjerumani zenye taji na herufi DOA, kifupi cha Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani. Hapo nikapata nafasi ya kuwaonyesha mabinti neno walilolisema tangu walipozaliwa. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia kuwa heller 100. Wakaja wakaondoka, sarafu zikafutwa, na sisi tukabaki na hela. Kadhalika thumuni waliyoitumia bibi zetu kwa senti 50 ni neno la Kiarabu la sehemu ya nane, kumbukumbu ya hesabu za reale, sarafu za fedha za zamani, si za shilingi. Mzee akasema marehemu baba yake alizitunga senti za tundu kwenye kamba kiunoni, na zilipofutwa akazipigilia juu ya paa kama washa za misumari ya bati. Akacheka: "Nyumba yetu iliezekwa kwa fedha taslimu."

Kisha akatoa moja ambayo mwanawe wa Dar alimwambia asiiuze chini ya nyumba. Senti 10, mwaka 1936, EDWARDVS VIII. Mwanawe hakuzua. Alisoma habari ya kweli: Januari 2020 sarafu ya dhahabu ya Edward wa Nane iliuzwa Uingereza kwa pauni milioni moja. Edward alitawala chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936 kwa ajili ya ndoa. Sarafu za Uingereza zenye uso wake zilikuwa bado za majaribio na hazikutolewa kwa umma, kwa hiyo chache zilizobaki ni za bei ya kutisha.

Lakini sarafu za makoloni zenye tundu hazikuwa na uso wa mfalme, tundu limekaa pale ambapo uso ungekuwa. Kubadilisha mfalme kulikuwa kubadilisha jina tu. Kwa hiyo viwanda viligonga senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zenye jina la Edward mwaka uleule wa 1936, zikaja zikatumika Tanga, Kisumu na Jinja wakati Waingereza wenyewe hawakupata hata moja ya kununulia mkate. Ni moja ya vichekesho vya himaya ile: mtu wa kijijini Handeni alishika hela ya mfalme ambaye London haikuwa na hela yake. Na kwa kuwa zilitolewa nyingi, nazo ni za dola chache. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akaifuta kwa kanzu, akairudisha kwenye kopo. "Mwanangu wa Dar usimwambie," akasema. "Tangu ajue habari hii ananipigia kila Ijumaa."

Niliombwa ushauri kuhusu droo, na nilitoa mmoja tu. Mia tano ya nyati ni ya chuma iliyopakwa nikeli, sumaku inaikamata. Simba wa 1952 haikamatwi, wala wa zamani mwenye fedha, wala shilingi ya mwenge ya 1966, kwa kuwa zote hizo hazina chuma. Nikang'oa sumaku ya spika mbovu, tukaifunga kwa uzi pembeni ya meza. Sarafu za konda zinapitishwa chini yake kwa kuviringishwa, isiyoruka inawekwa kando. Kwa anayetaka kutumia macho, mia tano halali ukiigeuzageuza kwenye mwanga kuna mahali panapoonyesha 500 kisha BOT. Ila nani ana muda huo saa moja jioni.

Konda alirudi Alhamisi. Mama mdogo alimwekea simba mezani bila kusema neno. Akaitazama, akacheka, akalipa mia tano, halafu akaomba apewe simba yake kwa kuwa ameshailipia. Kisheria mtaani alikuwa na hoja. Mama mdogo akamrudishia mia tano na kubaki na simba, na tangu siku ile ipo kwenye kikombe cha kahawa juu ya rafu ya vocha, ndani ya kipande cha karatasi nilichoandika mwaka na uzito.

Wiki ya tatu sumaku ikakataa nyingine kwenye ishirini za konda yuleyule: Nyerere upande mmoja, mwenge upande wa pili. Safari hii hakunipigia simu. Aliitupia kwenye kikombe, akamkata konda mia tano, akaendelea kuhesabu.